Rangi ing'aayo na jua linaloiua

Angalia kizibao cha dereva wa bodaboda aliyekinunua wiki hii, halafu angalia cha mwenzake aliyekaa nacho kijiweni tangu mwaka jana. Cha kwanza ni njano inayoelekea ukijani, kali kiasi cha kuumiza macho, njano usiyoiona kwenye ndizi mbivu wala kwenye alizeti. Cha pili kimepauka mpaka mtu anaweza kubisha kwamba hakijawahi kuwa njano. Sasa mwombe huyo wa pili ageuze kola, au afunue kifuniko cha mfuko wa kifuani. Chini yake utakuta njano ile ile ya dukani. Sabuni imefika hapo, vumbi limefika, jasho ndiyo usiseme. Kilichopiga mabega na kisifike chini ya kola ni jua peke yake.

Wengi tunakiita kizibao kizima "reflekta", tukachanganya vitu viwili. Mikanda ya rangi ya fedha ina vijishanga vidogo sana vya kioo vinavyorudisha mwanga wa taa za gari kule kule ulikotoka, na kazi yake ni ya usiku. Kitambaa cha njano ni mlinzi wa mchana, na zaidi alfajiri na magharibi, saa ambazo anga bado lina bluu nyingi lakini macho yameanza kushindwa. Taa za gari hazina urujuanimno wa maana, kwa hiyo gizani kitambaa hicho hakisaidii sana. Ndiyo maana kiwango cha kimataifa cha nguo hizi, ISO 20471, kinavipima kitambaa na mikanda mbalimbali, na kinataka kitambaa kiwekwe kwanza chini ya taa kali ya zenoni kabla rangi yake haijakubaliwa. Vizibao vingi vya bei ya chini vinavyouzwa barabarani, kwa jinsi vinavyopauka, sidhani kama vimewahi kuiona taa hiyo.

Njano ya kawaida, ya khanga au ya ukuta, inaakisi sehemu ya mwanga wa jua na kumeza iliyobaki. Hata iwe safi namna gani, mwanga wa njano unaotoka juu yake hauzidi ulioingia. Kizibao kipya kinavunja hesabu hiyo. Ukikipima kwa kifaa kwenye eneo la kijani-njano, karibu na nanomita 515, kinaweza kurudisha zaidi ya asilimia 100 ya mwanga uliokipiga katika eneo hilo. Ziada haikuzuka tu. Imetoka kwenye bluu, urujuani na urujuanimno ambao rangi iliumeza, ikautoa upya ukiwa umegeuka njano.

Aliyelifuatilia jambo hili kwa makini na kulipa jina la fluoresensi mwaka 1852 ni George Gabriel Stokes wa Cambridge, na kitu alichotumia ni kwinini, ile dawa chungu ya malaria ambayo miti yake ilikuja kupandwa Usambara na Kivu. Stokes aliupasua mwanga wa jua kwa prizimu, akautembeza mrija wa maji ya kwinini kutoka upande mwekundu. Kwenye nyekundu, njano na kijani hakuona kitu. Mrija ulipofika mwisho wa urujuani na kuupita, mahali ambapo jicho la binadamu halioni mwanga wowote, ukawaka bluu. Maelezo yake leo ni mepesi: molekuli inameza fotoni yenye nguvu, inapoteza sehemu ya nguvu hiyo kwa kutetemeka, na baada ya nanosekunde chache inatoa fotoni nyingine yenye nguvu pungufu kidogo. Kinachoingia hakionekani, kinachotoka kinaonekana.

Kutoka kwenye mrija wa Stokes hadi kwenye plastiki ilichukua miaka themanini hivi, na waliovusha hawakuwa maprofesa. Mwaka 1933 huko California, kijana Bob Switzer aliumia kichwa kazini, daktari akaagiza akae kwenye chumba cha giza. Ndugu yake Joe alisomea kemia na alipenda mazingaombwe. Wawili hao wakachukua taa ya urujuanimno, wakaingia nayo stoo ya duka la dawa la baba yao kutafuta chupa zinazowaka gizani. Walizipata, wakachanganya na vanishi, wakaanza kuuza rangi za maonyesho. Kampuni yao ndiyo iliyokuja kuitwa Day-Glo, na wakati wa Vita Kuu ya Pili vitambaa vyenye rangi zao vilitandazwa chini Afrika Kaskazini ili ndege za Wamarekani zitambue askari wao.

Siri ya biashara yao inastahili kuelezwa, maana makala hii yote inazunguka juu yake. Unga mkavu wa rangi aina ya rodamini hauwaki hivyo. Ukiuangalia ulivyo kwenye kopo ni unga mzito wenye rangi iliyofifia. Ukiuyeyusha kidogo sana ndani ya utomvu wa plastiki, ukaacha utomvu ugande, kisha ukausaga kuwa unga wa maikromita chache, hapo ndipo unawaka hata mchana. Molekuli za rangi zinataka kukaa mbalimbali.

Zikikaribiana mno, kiasi cha nanomita tano hivi, molekuli moja inampa jirani nguvu iliyomeza badala ya kuitoa kama mwanga. Theodor Förster, Mjerumani, alilieleza hilo kwa hesabu mwishoni mwa miaka ya 1940. Nguvu inapita kutoka molekuli hadi molekuli kama kaa la moto linalorushwa mkono kwa mkono, mpaka limwangukie mshikaji mbovu, mara nyingi molekuli mbili zilizogandana, na hapo linazimika na kuwa joto. Kwa hiyo mtengenezaji akitaka mwangaza zaidi hawezi tu kumimina rangi zaidi. Kuna kiwango ambacho akikipita, plastiki inazidi kukolea na mwanga unazidi kupungua.

Hilo ni adui wa kwanza. Wa pili ni oksijeni, na huyu ndiye aliyefanya kazi mabegani mwa dereva wetu. Mara moja moja molekuli iliyopigwa na mwanga haishuki upesi. Inakwama kwenye hali ya nguvu inayodumu muda mrefu zaidi, na oksijeni ikiikuta hapo inaigeuka na kuibomoa. Uwezekano wa hilo kila mara ni mdogo, lakini mara zenyewe ni nyingi mno. Fluoresini, rangi aliyoitengeneza Adolf von Baeyer mwaka 1871, ikiwa ndani ya maji hutoa makumi ya maelfu ya fotoni kisha inakufa. Rodamini nzuri hufika karibu milioni moja. Sasa piga hesabu ya haraka ya jua la mchana: molekuli ya rangi ya namna hii humeza fotoni kama tano kila sekunde. Kwa saa nane za juani ni kama mara 144,000. Fluoresini iliyo wazi majini haioni machweo. Ndani ya nyuzi za poliesta rangi hudumu zaidi kwa sababu oksijeni hupenya humo kwa shida, na wanakemia huchagua rangi ngumu kuliko fluoresini, ila mwelekeo ni ule ule. Na mtu akikiloweka kizibao kwenye dawa ya klorini ili kitakate, anamsaidia adui.

Hapa ndipo nanochembe zinapoingia. Mwaka 1968 Werner Stöber na wenzake Arthur Fink na Ernst Bohn walichapisha njia ya kutengeneza vitufe vya silika, ambayo kikemia ni ndugu wa mchanga na kioo, vyenye ukubwa unaolingana karibu kabisa. Njia hiyo inafanyika leo kwenye maabara ya chuo chochote chenye mashine ya kukorogea mezani. Unaweka ethanoli kwenye chupa, maji kidogo, na amonia ya kutosha kukufanya ugeuze uso pembeni. Chupa inakorogwa taratibu. Halafu unamimina kimiminika kisicho na rangi kiitwacho tetraethoksisilani. Kwa dakika za mwanzo hakuna kinachotokea, na mwanafunzi wa mara ya kwanza huanza kutazama kama alikosea vipimo. Kisha kimiminika kinapata ukungu wa samawati ukikitazama kwa ubavuni, na baada ya muda kinakuwa cheupe chote. Ule usamawati wa mwanzo ni vitufe vidogo vikitawanya mwanga wa bluu. Weupe unaofuata ni vitufe vimekua. Ukibadili kiasi cha amonia na maji unapata vitufe vya nanomita 50 au vya 500, upendavyo.

Silika tupu haina rangi. Mwaka 1992 Alfons van Blaaderen na Agienus Vrij, wakiwa Utrecht nchini Uholanzi, waliifunga rangi ndani yake kwa kifungo halisi cha kikemia. Walichukua aina ya fluoresini yenye mkono unaoshika amini, wakaiunganisha na molekuli nyingine yenye amini upande mmoja na silikoni upande wa pili, kisha wakaitia mchanganyiko huo kwenye kupikia kwa Stöber. Upande wa silikoni ulijengwa ndani ya kitufe kama sehemu ya ukuta. Rangi haiwezi tena kuchuruzika, maana si mgeni aliyemo ndani bali ni sehemu ya jengo. Juu yake unaweza kuongeza tabaka la silika lisilo na rangi.

Faida zinafuatana. Ndani ya kitufe cha nanomita 50 kuna nafasi ya molekuli kama mia tano zilizoachana nanomita tano tano. Mtengenezaji anachagua mwenyewe idadi, na hazisogeleani tena hata plastiki ikiyeyushwa. Oksijeni inachelewa kufika. Nasema inachelewa, kwa sababu silika ya Stöber ina vitundu vidogo mno na baadhi ya maelezo ya kibiashara huisifu utadhani ni chuma. Rangi iliyomo hudumu zaidi ya iliyo wazi, haidumu milele.

Kwa nini lazima iwe nano? Switzer na ndugu yake walitumia unga wa maikromita na wakatajirika. Jibu liko kwenye vitu viwili ambavyo plastiki inavidai. Uzi mwembamba wa poliesta una unene wa maikromita 15 hivi, na unapenyezwa kwenye vitundu vidogo vya chuma wakati wa kuutengeneza; punje ya maikromita tano ndani ya uzi huo ni kasoro ya kuukata, na kundi la punje ni kitundu kilichoziba na mashine iliyosimama. Pili ni uangavu. Mwanga tunaouona una urefu wa mawimbi kati ya nanomita 400 na 700. Chembe iliyo ndogo sana kuliko hapo haiutawanyi kwa kiasi cha kuonekana, hasa ikiwa inaupinda mwanga karibu sawa na plastiki iliyoizunguka. Kipimo cha kupinda mwanga cha silika ni 1.46, cha plastiki ya akriliki ni 1.49. Zimekaribiana kiasi kwamba bamba lenye chembe hizo linabaki angavu, huku likiwaka pembeni.

Linawaka pembeni kwa sababu inayopendeza. Mwanga ukizaliwa ndani ya bamba la akriliki, karibu asilimia 75 yake unagonga uso wa bamba kwa pembe ya ubapa mno, unarudishwa ndani, na kutokea kingoni. Mwaka 1976 watafiti Weber na Lambe walipendekeza kuitumia tabia hiyo kukusanya jua: bamba kubwa la bei nafuu lenye rangi, na ukanda mwembamba wa seli za umeme kuzunguka kingo. Miaka hamsini baadaye wazo hilo bado linaishi zaidi kwenye maabara kuliko kwenye mapaa, na sababu kubwa mojawapo ni ile ya kizibao. Paa linatakiwa lidumu miaka ishirini.

Tatizo linalowachosha mafundi zaidi, nalo halizungumzwi sana kwenye habari za kisayansi, ni kuchanganya. Uso wa silika unapenda maji. Polietilini na polipropilini hazitaki kuyasikia. Ukitupa nanochembe kavu kwenye plastiki iliyoyeyuka zinakumbatiana zenyewe kwa zenyewe, na kilichokuwa nanomita 50 kinatoka kikiwa bonge la maikromita kumi. Nano imebaki kwenye karatasi ya ankara tu. Inabidi uso uvishwe minyororo ya mafuta au ya polima inayofanana na plastiki yenyewe, kisha chembe zikolezwe kwanza kwenye punje chache za plastiki, na punje hizo ndizo ziongezwe kiwandani. Halafu kuna joto. Poliesta ya chupa hufinyangwa kwenye nyuzi kama 280 za Selsiasi. Rangi nyingi za kikaboni zinaungua kabla ya hapo au zinabaki zimelemaa, na kifuko cha silika kinasaidia bila kuondoa tatizo lote.

Si kwamba silika imebaki peke yake uwanjani. Mwaka 2020 kundi la Bo Laursen wa Copenhagen na Amar Flood wa Chuo Kikuu cha Indiana walitangaza njia nyingine: rangi zenye chaji chanya zinachanganywa na molekuli kubwa zenye umbo la nyota, zinazonasa chaji hasi na kujipanga katikati ya rangi. Zikiganda pamoja, rangi zinajikuta zimetengwa bila kuhitaji kufungiwa popote, na wenyewe walitoa hadi vinyago vya plastiki vilivyochapwa kwa mashine, vikiwaka kwa namna ambayo rangi ile ile bila utenganisho haiwezi. Nako Cornell, New York, kundi la Ulrich Wiesner liliipeleka silika upande wa hospitali. Chembe zao zilizochapishwa mwaka 2005 zilipunguzwa hadi chini ya nanomita 10 ili figo ziweze kuzitoa, na mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu zijaribiwe kwa binadamu wenye saratani ya ngozi. Huko rangi inatakiwa iishi saa chache tu, na labda ndiyo maana imefika mbali haraka.

Kwetu sisi mahali pa kutazama kwanza pangekuwa vitalu nyumba. Pembeni mwa Ziwa Naivasha waridi hulimwa chini ya mahema ya polietilini kwa mamia ya hekta, na kuna kampuni za nje zinazouza plastiki yenye chembe zinazogeuza kijani kuwa nyekundu, kwa hoja kwamba jani linapenda nyekundu na kuikataa kijani. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli. Jani linaakisi kijani kidogo, ndiyo maana tunaliona lilivyo, lakini sehemu kubwa ya kijani linaimeza na kuitumia. Na rangi inapotoa mwanga haijui chini wala juu. Sehemu ya nyekundu iliyogharimiwa inarudi angani, na mkulima analipia kuangazia mawingu. Pamoja na hayo, kuna mimea ambayo umbo lake na muda wa kutoa maua hutegemea uwiano wa rangi za mwanga, na hapo faida inaweza kuwa ya kweli. Nisingenunua kwa kusoma kipeperushi. Ningedai kuona hema lililokaa juani misimu mitatu, kwa sababu plastiki ya kitalu kwa kawaida huhesabiwa kwa miaka mitatu hivi, nikaikunjua ile sehemu iliyofichwa chini ya kamba na kuilinganisha na iliyokuwa wazi.

Matumizi ninayoyaona yana uzito zaidi ni ya takataka. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya 2017, Tanzania Bara 2019, lakini chupa na madumu yapo. Mashine za Ulaya za kuchambua plastiki hutumia infraredi, na zinajua vizuri kabisa kama kipande ni poliesta au polietilini. Kisichojulikana ni kilikuwa na nini. Dumu la mafuta ya kula na dumu la dawa ya kuulia magugu ni polietilini yote mawili, na mashine inayaona sawa. Plastiki nyeusi ya masizi haiioni kabisa. Chembe zing'aazo, kwa kiasi kinachopimwa kwa gramu ndani ya tani, zingeweza kuandikwa ndani ya dumu lenyewe na kusomwa na kamera kwa kufumba na kufumbua.

Rangi za kikaboni, hata zikivishwa silika, zinashindana hapa na unga wa metali adimu za ardhini ambao hauogopi joto wala jua, na kwa maoni yangu metali hizo zitashinda kwenye dumu lenyewe. Tena kuna swali la mzunguko wa pili: alama iliyosema "dawa ya magugu" ikiyeyushwa pamoja na plastiki, itaendelea kusema hivyo kwenye ndoo inayofuata. Njia nzuri iliyojaribiwa ni kuiweka kwenye lebo, ambayo huoshwa na kutoka kabla ya kuyeyusha. Lebo inaishi miezi, haipitii nyuzi 280, na rangi nzuri ndani ya nanochembe inaimudu kazi hiyo. Umoja wa Ulaya nao umeweka kizingiti: kwa plastiki inayogusa chakula, kitu chochote kilicho katika umbo la nano lazima kiidhinishwe chenyewe, hata kama umbo lake la kawaida lilishaidhinishwa. Ni kizingiti cha haki, maana plastiki ikisagika hakuna anayeziokota chembe zilizomo.

Kwenye majalala ya Pugu na Dandora hakuna mashine ya infraredi. Anayechambua ni mtu, kwa jicho, kwa kufinya, kwa mlio wa plastiki ikikunjwa, wengine kwa kuchoma ncha na kunusa moshi, jambo baya kwa mapafu. Mtu huyo hahitaji kamera. Tochi ndogo ya urujuanimno, ya aina ambayo wakala wa fedha huikagulia noti, inatosha kuonyesha lebo nyekundu na lebo ya kijani kwenye lundo lililo kivulini. Inachohitaji ni viwanda vinavyojaza mafuta, sabuni na viuatilifu vikubaliane rangi ipi ni ya chakula na ipi ni ya sumu, na anayechapa lebo alipwe senti zinazoongezeka kwa kila moja.